Picha ya kamera ya nyumbani ikiharibika: pa kuangalia kabla ya kununua nyingine

Mtu akilalamika kwamba kamera yake haioni vizuri, swali la kwanza ni hili: saa ngapi? Picha iliyofifia mchana kutwa na usiku kucha ina sababu zake. Inayokuwa safi hadi magharibi halafu ikageuka ukungu mtupu ina zake. Na ile inayochafuka kwenye simu tu, huku televisheni ya sebuleni ikionyesha hadi nyufa za ukuta wa jirani, haina shida ya kamera kabisa. Jibu swali hilo kabla hujapanda ngazi.

Huku Arusha na Moshi kuna mambo ya kuongeza. Kiangazi vumbi la Kisongo au Kwa Mrombo hukaa kwenye kioo kama unga. Juni na Julai baridi ya usiku huacha umande ndani ya kamera. Masika maji hutafuta kila koneka iliyofungwa kwa solotepu. Na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huzeesha adapta kabla ya siku zake.

Andaa ngazi, multimita (hata ya bei ya chini inatosha), kitambaa laini cha kufutia miwani, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, maji ya kunywa ya chupa, adapta ya akiba ya 12V 2A na, kama mfumo wako ni wa DVR (mashine ya kurekodi inayopokea picha kwa waya wa kila kamera), kipande cha waya cha mita moja au mbili chenye koneka za BNC, zile za duara za kuzungusha, pande zote.

Kwanza hakikisha ni kamera

Simama mbele ya DVR au NVR (mashine ya kurekodi kamera za mtandao), fungua kamera moja ijaze skrini nzima. Mashine nyingi zikionyesha kamera nne au nane kwa pamoja hutumia mkondo mdogo, picha ya pikseli 640×480 au hata 352×288, ili zisilemewe. Simu nayo hufanya hivyohivyo kuokoa bando. Kwenye programu ya simu gusa HD ndipo uhukumu. Kama bado picha imevimba kwenye televisheni, ingia kwenye menyu ya DVR uangalie skrini imepangwa pikseli ngapi. Mara nyingi utakuta 1024×768, iliyowekwa siku ya kufunga kwa sababu fundi alikuja na kiskrini kidogo cha VGA. Weka 1920×1080 na utumie HDMI.

Picha ya moja kwa moja ikiwa nzuri lakini iliyorekodiwa ni uji, tatizo liko kwenye mipangilio ya kurekodi. Hapa pana mtego unaouzwa kila siku: 1080N. Jina linafanana na 1080p (pikseli 1920×1080), ila 1080N ni pikseli 960×1080, yaani nusu ya upana, ambayo huvutwa ijaze skrini. Nyuso zinapoteza nusu ya maelezo na kamera haina kosa. DVR nyingine zitakuruhusu kuchagua 1080p kamili kwa sharti la kupunguza fremu hadi 12 au 15 kwa sekunde. Kubali. Mwizi wa geti hakimbii kiasi cha kuhitaji fremu 25, na fremu 12 zenye sura ni bora kuliko 25 zisizo na mtu.

Kisha angalia kasi ya data. Kwa 1080p, H.264 (njia ya kubana video) inataka kama 4 Mbps (menyu itaandika 4096 Kbps), na H.265, njia mpya zaidi, karibu nusu ya hapo. Anayetaka diski ndogo itunze mwezi mzima hushusha hadi 512, na kwenye picha isiyotikisika hutaona tofauti. Subiri upepo upige migomba: kila jani linalotikisika linadai data, data haitoshi, picha nzima inakatika vipande vya mraba. Hesabu ya haki ni hii. Kamera moja ya 2 Mbps hula takriban GB 21.6 kwa siku, nne hula GB 86, kwa hiyo diski ya 1TB inatunza siku kumi na moja hivi. Ukitaka siku 30, nunua 3TB au 4TB, na iwe ile iliyotengenezwa kwa kurekodi kamera. Diski ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandika saa 24, na ikianza kuchoka rekodi huganda na kuruka dakika.

Kioo kichafu na ukungu wa usiku

Malalamiko mengi ni ya usiku, na mengi ya usiku ni mwanga wa infraredi wa kamera yenyewe kurudi machoni pake. Jicho la mtu halioni mwanga huo, ila kamera inauona kama tochi. Vumbi ambalo mchana hulitambui, usiku linang'aa na kufunika kila kitu kwa pazia jeupe.

Kipimo chake ni rahisi. Usiku, zima infraredi kwenye menyu ya kamera, kisha mtu amulike uwanja kwa tochi kali akiwa amesimama mbali na kamera. Ukungu ukitoweka, basi mwanga ulikuwa unarudi kutoka kitu cha karibu. Ukibaki, lenzi yenyewe ina unyevu, mikwaruzo au imepoteza fokasi.

Kitu cha karibu ni nini? Mara nyingi utando wa buibui. Wadudu hukusanyika karibu na taa, buibui hufuata chakula, na uzi mmoja uliopita sentimita tano mbele ya lenzi huonekana mnene kama kamba ya meli. Pangusa kwa ufagio mrefu kila wiki. Usipulize dawa ya mbu kwenye kioo, maana mafuta yake huacha utando, na kioo cha kamera ya kuba (ile ya umbo la bakuli) ni plastiki ambayo dawa yenye kiyeyusho huififisha moja kwa moja. Puliza ukutani, kuizunguka.

Kusafisha kuna utaratibu. Ondoa vumbi kavu kwanza kwa brashi, bila kukandamiza, kwa sababu vumbi la huku lina chembe za mwamba wa volkano na ukilisugua umepiga msasa. Ndipo ulowanishe kitambaa kwa maji ya chupa na tone la sabuni ya vyombo, ufute kwa kuzungusha, ukaushe na upande mwingine wa kitambaa. Usitumie petroli, thina wala spiriti. Maji ya bomba au kisima yakikaukia pale huacha madoa meupe ya chumvi ambayo usiku yatakurudisha kwenye ngazi.

Kamera za kuba zina ugonjwa wao. Ndani kuna pete ya mpira au sponji inayozunguka lenzi, na lazima iguse kioo ili mwanga wa taa za pembeni usipenye hadi kwenye lenzi. Anayefungua kuba kurekebisha uelekeo akasahau kuikandamiza pete hiyo mahali pake, usiku ule ule atapata duara jeupe katikati ya picha. Fungua, rudisha pete, funga.

Halafu kuna upenu. Kamera ya lenzi pana ya milimita 2.8 ikifungwa ndani sana chini ya paa huona ubao au jipsamu nyeupe juu ya fremu. Infraredi inagonga pale, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza mwangaza wa picha yote, na geti linabaki giza. Isogeze mbele sentimita 20 hadi 30, au iinamishe mpaka upenu utoke kabisa kwenye picha. Ukuta mweupe wa pembeni, bomba la mvua na jani la mparachichi lililokua tangu kamera ifungwe hufanya vivyo hivyo.

Kwa ua wa kawaida, taa nyeupe ya LED ya wati 10 iliyofungwa mita moja au mbili kando ya kamera itakupa picha ya rangi usiku na kupunguza zile chenga za picha, zaidi ya kuongeza kamera ya bei kubwa. Chenga hutokea kwa sababu kamera inakuza mwanga mdogo kwa nguvu. Mwanga ukiongezeka, inaacha. Ukiona watu wanaotembea usiku wanaacha mkia, angalia kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga kwa kila fremu. Ikiwa imewekwa 1/12 au chini, ipandishe hadi 1/25, au 1/50 kama taa ipo.

Volti

Kamera inayofanya kazi mchana halafu usiku inazima na kuwaka, au picha inacheza mara tu infraredi zinapowaka jioni, karibu kila mara inakosa umeme. Mchana inakula pengine 0.2A, taa zikiwaka inafika 0.4 au 0.5A. Soma lebo, imeandikwa.

Chukua mfano wa geti lililo mita 40 kutoka kwenye DVR. Waya mwembamba wa shaba wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa kama omu 2.8 kwenda na kurudi. Kwa 0.5A unapoteza 1.4V: 12V ya ndani inafika getini 10.6V. Hiyo ni shaba halisi. Waya mwingi wa bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba, wenye ukinzani zaidi ya mara moja na nusu, na hapo utapima getini chini ya 10V. Kuujua, kwangua kwa kisu: ukiona rangi ya fedha ndani, ndiyo wenyewe.

Pima mwisho wa waya, kamera ikiwa imechomekwa, usiku, infraredi zikiwaka. Ukipima mchana, au kamera ikiwa imechomolewa, multimita itakuonyesha 12V safi na utaondoka ukiamini uongo. Kamera nyingi huanza kuyumba chini ya 11V. Dawa ni kusogeza adapta karibu na geti, kwenye kibanda cha mlinzi au boksi lisiloingia maji, au kuvuta waya wa milimita mraba 1.5 kwa ajili ya umeme peke yake. Kupandisha volti kwenye pawasaplai ili ya mbali ishibe ni kuziunguza zile za karibu.

Angalia pia adapta moja ya 2A iliyogawanywa kwa kamera nne. Usiku nne hizo zinataka 2A kamili, na adapta nyingi za mtaani hazifiki zilichoandikiwa.

Mistari inayopanda au kushuka polepole kwenye picha ina asili mbili: adapta iliyozeeka, au ardhi mbili za umeme (earth) zinazogombana. Zitenganishe kwa betri ya 12V ya sola au pikipiki, ikiwa imetolewa kwenye chaji. Iunganishe na kamera hiyo badala ya adapta. Mistari ikiisha, badili adapta kwanza. Ikirudi hata kwa adapta mpya, tazama kama kamera imefungwa kwa bolti kwenye nguzo ya chuma ya geti. Mwili wake umegusana na ardhi ya nje, DVR imegusana na ardhi ya ndani, na tofauti yao inasafiri kwenye waya wa picha. Weka kipande cha plastiki ngumu au mbao kati ya kamera na chuma.

Waya, koneka na maji

Kwa mfumo wa DVR, chenga zinazokuja na kuondoka, picha yenye kivuli chake pembeni, au rangi zinazopotea humaanisha koneka. Shusha kamera, ilete karibu na DVR, iunganishe kwa kile kipande chako kifupi. Ikionekana safi, kamera ni nzima na waya ndio mbovu. Fungua BNC: uzi mmoja wa ngao ya nje ukigusa shaba ya katikati unatosha kuua picha. Koneka za kukaza kwa bisibisi hulegea zenyewe, za kubana kwa koleo maalumu hudumu. Shaba iliyogeuka kijani ikate sentimita 10 nyuma, hadi ufike penye rangi safi. Kama pana baluni (kifaa kidogo cha kupitisha picha ya kamera kwenye waya wa mtandao) na waya wa Cat6, tumia jozi moja iliyosokotwa kwa picha, usichanganye nyuzi za jozi mbili tofauti.

Kila muungano wa nje uwe ndani ya boksi, na kabla ya kuingia waya ushuke chini kama tumbo halafu upande, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani.

Picha nyeusi na nyeupe inayotetemeka mara tu baada ya kubadili DVR au kamera ni lugha mbili kutoelewana: kamera inatoa ishara ya aina ya TVI, DVR inasubiri AHD au CVI. Kwenye mkia wa kamera nyingi kuna kitufe kidogo. Kibonyeze upande mmoja kwa sekunde tano, subiri, jaribu upande mwingine hadi picha itulie. Mikanda ya kivuli inayotembea chini ya taa za umeme ni suala jingine dogo: kamera imekuja na mpangilio wa 60Hz au NTSC. Umeme wetu ni 50Hz, weka PAL, ambao ndio mpangilio wa 50Hz.

Ukungu ulio ndani ya kioo asubuhi ya Julai, unaoisha kufika saa tano, ni umande. Fungua kamera mchana mkavu, iache wazi nusu saa kivulini, weka kifuko kipya cha silika cha gramu moja au mbili, kagua mpira wa kuzuia maji usiwe umejikunja, funga. Usizibe kwa silikoni kila tundu unaloliona, maana baadhi ni la kupumulia na ukiliziba umefungia maji ndani.

Jua, na rangi ya zambarau

Arusha na Moshi zipo nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, hivyo jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama magharibi, likihama nyuzi kama 23 tu kila upande kwa mwaka mzima. Kamera inayotazama mashariki itapigwa usoni kila asubuhi, na geti linaloingilia upande huo litaonyesha watu weusi tii kama kivuli. WDR (mpangilio wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli) husaidia. Iwashe, uanze na kiwango cha kati, uizime usiku kwa sababu huongeza chenga. Kuigeuza kamera itazame kaskazini au kusini, hata kwa kuihamishia kona nyingine ya nyumba, husaidia zaidi.

Picha ya mchana yenye majani ya zambarau ni kichujio cha infraredi kilichokwama. Badili kwenye menyu kutoka mchana kwenda usiku mara tano sita, ukisikiliza mlio mdogo wa "tik". Usiposikia kitu, kichujio kimekufa. Hapo kununua kamera ni halali.

Sura isiyotambulika getini

Hili si hitilafu, ila ndilo linalolalamikiwa baada ya tukio. Kamera ya 1080p yenye lenzi ya milimita 2.8 inaona upana wa karibu mita 28 ikitazama umbali wa mita 12. Gawa pikseli 1920 kwa 28: unapata 68 kwa mita. Uso wa mtu, wenye upana wa sentimita 16, unapewa pikseli 11. Hakuna programu itakayozifanya 11 kuwa sura. Kiwango cha Ulaya cha EN 62676-4 cha mwaka 2015 kilitaka pikseli 125 kwa mita kumtambua unayemjua, na 250 kumtambua mgeni. Kwa lenzi ya 2.8, mgeni huyo inabidi awe kama mita tatu kutoka kwenye kamera.

Kwa hiyo iache ile pana ilinde ua, na geti lipate yake: lenzi ya milimita 8 hadi 12 kutoka ukuta wa nyumba, au ya 2.8 iliyofungwa kwenye nguzo ya geti lenyewe. Ifunge kwenye urefu wa mita 2.5. Iliyoko mita nne juu inarekodi kofia. Lenzi ya kurekebisha fokasi irekebishe usiku, infraredi zikiwaka, kwa sababu fokasi ya mchana na ya infraredi hazikai mahali pamoja. Namba za magari usiku hazisomeki kwa kamera hiyohiyo ya sura: kibao kinarudisha mwanga na kuwa karatasi nyeupe. Zinataka kamera yake yenye shata ya 1/500 au kasi zaidi.

Kamera za Wi-Fi

Ikiganda au kuvunjika vipande, pima nguvu ya Wi-Fi pale pale kamera ilipo kwa programu ya simu. Inayotakiwa ni -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) au namba iliyo karibu zaidi na sifuri, na ikifika -75 usitegemee kitu. Nyingi hutumia 2.4GHz, ambayo kuta mbili za tofali na geti la mabati huidhoofisha. Kwenye mitaa iliyobanana kama Majengo au Pasua, ruta za majirani hupandana, hivyo chagua chaneli 1, 6 au 11 iliyo na watu wachache. Kwa kutazama ukiwa mbali, kasi ya kupakia ndiyo inayohesabika: kamera mbili za 2 Mbps zinataka 4 Mbps za kupanda, wakati watu wengi wanajua tu kasi ya kushusha.

Ukimaliza, mtu asimame getini saa mbili usiku, kwanza kichwa wazi, kisha na kofia, na uhifadhi picha zote mbili. Kwa kalamu ya maka, andika juu ya mfuniko wa DVR tarehe na volti uliyopima kwa kila kamera. Fundi atakayekuja mwakani ataanzia hapo.